Afisa aliyefuta sauna ya zimamoto

Siku ile mjinga alikuwa yeye. Ilpo Hakkarainen hangoji kuulizwa. Analisema hilo kabla mgeni hajavua kofia, kama wengine wanavyosema karibu kahawa.

"Liandike juu kabisa," anasema. "Suovesi nzima wanalijua. Usipoliandika watadhani nimekuhonga."

Ni saa tisa alasiri, Jumamosi ya Januari. Jua la kaskazini limeshazama na baridi imekaza mpaka theluji inalia chini ya viatu. Nyuma ya nyumba ya mama yake, kwenye rasi ya Haukiniemi, afisa mipango wa halmashauri ya Suovesi ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, mtungi wa kuzimia moto katikati ya magoti, simu mkononi. Macho yake hayabanduki kwenye bomba la moshi la sauna, kijumba cha magogo cha kuogea mvuke.

Moshi unapanda mweupe, umenyooka, hauna neno. Ilpo anautazama kama mtu anavyomtazama mbwa aliyekwisha kumng'ata.

Kidirisha cha sauna kinafunguka. Unatoka mvuke, na nyuma yake sauti.

"Ilpo! Bado uko hapo?"

"Nipo, mama."

"Unanilinda au unanichungulia?"

"Mama, kuna mtu wa gazeti hapa."

"Basi na yeye achungulie. Nina miaka themanini na mbili, vilivyobaki huku ni vya makumbusho."

Kidirisha kinafungwa. Ndani, kata ya maji inamwagwa juu ya mawe ya moto, na mawe yanapumua kwa kishindo. Ilpo amekulia katika sauti hiyo. Hata hivyo mabega yake yanaruka, na mkono unaukamata mtungi.

"Umeona?" anasema, akiuachia taratibu. "Kila Jumamosi hivi. Tangu Ijumaa mchana naanza kuukagua mtungi huu. Mke wangu akanipeleka kwa daktari. Daktari akaniuliza, unaogopa nini? Nikamwambia naogopa Jumamosi. Akaandika, akafikiri, akanishauri nikakae sauna, nipumzike."

Anacheka. Macho yamerudi kwenye bomba la moshi.

Ilpo ana umri wa miaka 56, na miaka 23 kati ya hiyo ameitumia katika idara ya mipango na miundombinu ya Suovesi, wilaya ya misitu na maziwa yenye wakazi elfu tatu na ushee. Kazi yake haina sare wala king'ora. Yeye ndiye anayepanga bomba la maji lipite wapi, jenereta ya akiba ya zahanati ikae wapi, gari la wagonjwa liegeshwe wapi, na gari la zimamoto lilale chini ya paa gani. Mshahara wake, kodi ikishakatwa, unamtosha mtu asiye na boti. Ilpo hana boti.

"Nikifanya vizuri, hakuna anayejua kwamba nipo," anasema. "Nikikosea, wanakumbuka hata babu yangu aliuza farasi mgonjwa."

Kosa lenyewe lilianza na paa linalovuja.

Kituo cha zamani cha zimamoto kilikuwa nyuma ya kanisa: jengo la mbao, jekundu, mlango wake mwembamba kiasi kwamba dereva alikunja vioo vya gari kabla ya kutoka. Paa lilikuwa limeoza. Upande wa nyuma kulikuwa na jiko dogo la kupikia, na sauna ya kuni yenye mabenchi mawili. Mkaguzi alipopita, miaka mitatu iliyopita, alishika boriti moja, ikabaki mkononi mwake.

Suovesi haina wazimamoto wa kuajiriwa. Wakati ule ilikuwa na watu kumi na mmoja wa kujitolea: muuguzi, fundi bomba, mfugaji wa ng'ombe, mwalimu wa hisabati, na kadhalika. Simu zao zikilia wanaacha walichoshika na kukimbilia kituoni. Jimbo linalipia gari na mafunzo, jengo ni juu ya halmashauri. Jengo, kwa maneno mengine, lilikuwa mzigo wa Ilpo.

Akafanya alichosomea. Akachukua ramani, akachora duara la kijani kuonyesha ni wapi gari linaweza kufika ndani ya dakika kumi. Kutoka kanisani duara lilikuwa dogo, limebanwa na ziwa. Kutoka kwenye banda moja la mabati lililokuwa likipangishwa kando ya barabara kuu, duara lilitanuka, likameza karibu wilaya nzima. Likaimeza hata Haukiniemi, nyumbani kwa mama yake.

"Lilikuwa duara zuri," anasema. "Ningeweza kulitundika sebuleni."

Kulikuwa na jambo jingine lililompa moyo. Wazimamoto wa Suovesi walikuwa na sifa ya kufika haraka, haraka kuliko wilaya zote za jirani, tena wakitoka kwenye kituo kibovu mahali pabaya. Ilpo akapiga hesabu yake: kama wanakimbia hivi kutoka mahali pabaya, ukiwaweka mahali pazuri si watapaa?

Mchoro wa kulitengeneza banda ukaletwa mezani. Sehemu ya gari, chumba cha kubadilishia nguo, mabafu mawili, choo. Kwenye kona, sauna. Halmashauri ilikuwa imetoka kufunga shule mbili za vijijini, na mkurugenzi alikuwa amesema kila kisicho cha lazima kifutwe. Ilpo akachukua kalamu nyekundu. Ulikuwa mstari mmoja tu.

Wiki ile ile Tuija Korpela akaingia ofisini bila kubisha. Tuija, mwenye miaka 41, ni dereva wa basi la shule siku za kazi na kiongozi wa kikosi cha zimamoto siku zote. Ndiye aliyembatiza Ilpo jina ambalo limemganda mpaka leo.

"Bwana Duara," alimwambia, "umefuta sauna yetu."

"Nimewawekea mabafu mawili, Tuija. Maji ya moto, saa yoyote."

"Bafu."

"Si mnataka kuoga?"

Tuija alishika kitasa. Hapo, Ilpo anasema, palikuwa mahali pa kumwuliza swali la pili. Hakuuliza. Mtu aliyezaliwa Suovesi, aliyepelekwa sauna kabla hajajua kukaa, alikuwa amesimama nyuma ya meza akidhani sauna ni mahali pa kuondoa uchafu.

"Na mimi ningemweleza," anasema Tuija, ambaye haoni aibu kugawana lawama. "Lakini ningemweleza nini? Nilikuwa sijui. Nilinuna, nikatoka, nikaupiga mlango. Hiyo ndiyo hoja niliyokuwa nayo."

Jambo ambalo hakuna aliyelijua, kwa sababu hakuna aliyekuwa amewahi kukaa chini kulifikiria, lilikuwa hili. Kila Jumamosi alasiri wazimamoto walikuja kituoni nyuma ya kanisa. Waliosha mipira ya maji, walipima mafuta ya gari, kisha waliwasha sauna. Wanawake waliingia kwanza, wanaume baadaye. Waliokuwa wakisubiri zamu walikaa jikoni wakila soseji na mikate ya iliki, wakisemana. Mwalimu wa hisabati alishindwa karata. Walikaa hivyo mpaka usiku unaingia hasa, watu sita au saba, wakati mwingine wote. Haikuwa zamu. Hakuna aliyewapangia wala kuwalipa. Ilikuwa Jumamosi tu.

Na Jumamosi, saa hizo hizo, Suovesi nzima inawasha moto. Kila nyumba, kila kibanda kando ya ziwa, mamia ya majiko ya kuni kwa mpigo. Sauna zikiungua, huungua Jumamosi.

Kwa hiyo siku ya hatari kuliko zote katika wiki, saa ya hatari kuliko zote, kikosi cha zimamoto kilikuwa tayari kimekaa, uchi, ukuta mmoja kutoka kwenye gari.

"Ile kasi yao niliyoisifu haikuwa ya barabara," anasema Ilpo. "Ilikuwa ya sauna. Nikahamisha gari, nikaiacha kasi kule kule nyuma ya kanisa."

Baada ya kuhamia kwenye banda, hakuna aliyejiuzulu wala kugoma. Jumamosi za kwanza walikuja, wakaosha mipira, wakatazama kuta za mabati, wakaagana. Kila mtu akaenda kuwasha sauna yake. Ramani iliendelea kuwa ya kijani.

Mwezi wa Februari uliofuata, Jumamosi, Ilpo alikwenda Haukiniemi kumtayarishia mama yake sauna, kama afanyavyo tangu baba yake afariki. Njia ya kutoka nyumbani kwenda sauna ilikuwa barafu tupu. Akachukua ndoo ya chuma ya mama yake, ile ya majivu, akaijaza mchanga na kuumwaga njiani ili mama asiteleze. Ndoo akaiacha pale mwisho wa njia ikiwa na mchanga nusu.

Kisha akazoa majivu ya jiko kubwa la nyumbani, ambalo mama alikuwa ameokea mkate asubuhi. Yalionekana yamekufa. Ndoo ya chuma ilikuwa na mchanga. Akayatia kwenye beseni la plastiki, akaliweka kwenye kibaraza cha sauna, kando ya kuni.

"Mtoto wa darasa la tatu hapa angekwambia majivu huficha makaa," anasema. "Mimi nimewahi kuandika tangazo la halmashauri kuhusu majivu. Lenye picha."

Mama yake, Hilja, akaingia sauna. Ilpo akarudi jikoni kuchemsha kahawa, upande wa nyumba usiotazama ziwa. Alikuwa anakata mkate aliposikia harufu. Alidhani ni sufuria.

Alipofungua mlango, kibaraza kilikuwa kinawaka kutoka sakafu hadi paa. Mlango wa sauna, mlango pekee, ulikuwa nyuma ya moto huo.

Sauti yake inashuka anapofika hapa. Anazungumza huku akitazama moshi wa leo, wala hageuki.

Alipiga namba ya dharura huku akikimbia. Mwanamke aliyepokea alikuwa mtulivu, anauliza kimoja kimoja. Wapi? Kuna mtu ndani? Ilpo akajibu: mama yangu. Mwanamke akasema msaada unashughulikiwa, asikate simu.

"Wameshatoka?" Ilpo akauliza.

"Wameitwa."

Amelirudia neno hilo kwa mke wake, kwa daktari, kwa mchungaji, na sasa analirudia tena, polepole. Wameitwa. Katika Suovesi yote palikuwa na mtu mmoja tu aliyelielewa neno hilo sawasawa, naye alikuwa amesimama kwenye theluji na viatu vya ndani. Duara lake la kijani lilianza kuhesabu gari linapotoka mlangoni. Halikuhesabu watu wanaotafutwa na simu mmoja mmoja, waliotawanyika wilaya nzima, kila mmoja kwenye benchi la sauna yake.

Tuija alikuwa sauna kwa dada yake, kijiji cha tatu, sabuni kichwani. Simu ilikuwa kwenye mfuko wa koti, chumba cha kuvulia nguo. Fundi bomba alikuwa katikati ya ziwa, anavua samaki kwenye tundu la barafu, gari liko ng'ambo.

Ilpo alichukua koleo, akawa anatupa theluji kwenye moto. Iliyeyuka hewani. Aliujaribu mlango, ndipo mkono wa kushoto ulipoungua, na vidole viwili vya mkono huo havijakunjika tena mpaka leo. Akazunguka nyuma. Kidirisha kilikuwa na ukubwa wa sinia.

"Ilpo," mama yake aliita kutoka ndani, sauti ya kawaida kabisa, "nini kinanuka?"

"Mama, lala chini!"

"Chini kuna baridi."

"LALA CHINI!"

Hakuwa amewahi kumpigia mama yake kelele. Akasikia beseni likisogezwa, maji yakimwagwa mlangoni, kata baada ya kata, kisha ndoo nzima. Akamsikia akikohoa. Akavunja kioo ili apate hewa, na moshi ukamtokea usoni, mzito, kama mtu aliyekuwa akingojea mlangoni. Akashika shoka, akaanza kupiga ukuta wa nyuma. Magogo ya ukuta ule babu yake aliyakata yakiwa manene kama paja. Kila pigo lilitoa kibanzi.

Simu ilikuwa chini kwenye theluji, mwanamke bado anaongea. "Niko hapa na wewe," alikuwa anasema.

"Mama!" Ilpo aliita. "Sema kitu!"

Hilja, kwa lugha ya huko, maana yake ni kimya. Ukoo mzima umelicheka jina hilo tangu alipobatizwa, kwa sababu hapajawahi kutokea mwanamke msemaji kama yeye kuanzia kanisani hadi mpaka wa wilaya. Jioni ile, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, alifanana na jina lake.

Ilpo alipiga shoka. Aliita. Alitega sikio, akasikia moto tu. Alipotazama barabarani aliona miti, na katikati ya miti giza.

"Watu wananiuliza ulikuwa unafikiri nini," anasema. "Nilikuwa naiona ile kalamu. Nyekundu. Niliona hata chapa yake."

Dakika ishirini na sita baada ya simu, taa za buluu zikatokea kwenye miti. Walikuwa wanne tu. Wengine walikuwa bado njiani. Tuija aliruka kabla gari halijasimama, koti la zimamoto juu ya gauni la kuogea, nywele zilizolowa zimeganda na kusimama kama miiba. Akamsukuma Ilpo pembeni, akawasha msumeno wa injini, akakata ukuta.

Walimtoa Hilja amejifunga taulo lililolowa, uso umefunikwa. Wakamlaza kwenye theluji. Muuguzi akapiga magoti, akasogeza sikio. Ilpo alisimama na shoka lake. Alikuwa anasikia gari, moto, maji, mwalimu wa hisabati akilia waziwazi, vyote isipokuwa kile kimoja alichokuwa akikitafuta.

Kisha jicho moja likafunguka.

"Nani kafungua ukuta?" Hilja akasema, kwa sauti iliyokwaruzwa. "Joto lote linatoka."

Maneno hayo yamekuwa mali ya umma Suovesi. Dukani, mtu akiacha mlango wazi, mwenzake humwambia joto lote linatoka, na wote hucheka. Ilpo akiwa dukani hujishughulisha na maziwa. Mama yake alilala hospitali wiki mbili. Tangu hapo kifua chake hupiga mluzi anapopanda ngazi.

"Hawaelewi," anasema Ilpo. "Walisikia alichosema. Mimi nilisikia kabla hajasema."

Tuija alipiga hesabu siku chache baadaye, akiwa na kahawa mkononi, mbele ya ramani ile ile ofisini. Nyuma ya kanisa, pamoja na kukunja vioo, pamoja na njia ndefu ya kuzunguka ziwa, wangekuwa Haukiniemi ndani ya dakika kumi na tano. "Tungekuwa tumelowa vilevile," alisema, "lakini tungekuwa tumelowa pamoja." Wote wawili wakaitazama ramani. Ndipo walipolielewa jambo hilo, kwa wakati mmoja, na hakuna kati yao aliyefurahi.

"Miaka yote tulidhani tunapenda mvuke tu," anasema Tuija.

Hilja alidai sauna mpya kabla hajadai dawa. Ikajengwa kiangazi, mahali pale pale, ikiwa na milango miwili na dirisha ambalo mtu mzima anapita. Ilpo alijaribu mwenyewe, akakwama, likaongezwa. Kuacha kuwasha Jumamosi ni jambo ambalo mama yake hakutaka hata kulisikia. "Nimewasha nikiwa na homa, nimewasha nikiwa na mimba yako," alimwambia. "Leo niogope kwa sababu wewe umeshindwa kubeba majivu?"

Kwa hiyo anaogopa yeye, kwa niaba ya wote wawili.

Hofu yake sasa ina tarehe. Mkataba wa banda la mabati unamalizika majira ya kuchipua. Jumatatu, baraza la madiwani litaamua kati ya mawili: kulipanga banda upya kwa miaka kumi, kama lilivyo, au kujenga kituo kipya kwa mchoro alioutengeneza Ilpo, wenye jiko la kupikia, meza ndefu na sauna ya kuni iliyobandikwa ubavuni mwa chumba cha gari. Sauna peke yake ni euro elfu thelathini. Wazimamoto wamepungua hadi tisa. Baraza likikataa, kutakuwa na Jumamosi za miaka kumi, na Ilpo ameshajaribu kuwaza atazikaliaje juu ya ndoo hii.

Mlango wa sauna unafunguka. Hilja anatoka mwekundu kama nyanya, amejifunga taulo, mvuke unamtoka mabegani kwenye baridi.

"Nimetoka," anatangaza. "Unaweza kuvuta pumzi."

Ilpo hainuki bado. Anangoja mpaka moto ndani umekufa. Kisha anazoa majivu kwenye ndoo ya chuma, anayamwagia maji, anavua glavu na kuuzamisha mkono ndani mpaka kwenye kifundo, ule wenye vidole viwili visivyokunjika. Anaukaza hapo, anapapasa, kama mtu anayetafuta ufunguo.

"Tuija amenialika," anasema, mkono ukiwa bado majivuni. "Wakipitisha, ardhi ikiyeyuka mwezi wa tano tunachimba msingi. Jumamosi ya kwanza ya sauna mpya nitakaa nao. Benchi la chini, mwisho kabisa. Nataka Jumamosi moja tu nisishike simu."

"Na wakikataa?"

Anautoa mkono, anaukung'uta.

Jumatatu jioni ukumbi wa halmashauri umejaa kuliko siku ya bajeti. Ilpo amevaa tai. Ametundika ramani ukutani, na safari hii haina duara. Ina nukta tisa zilizotawanyika, kila moja ni nyumba ya mzimamoto, na nukta moja ya gari, mbali na zote. Anazungumza kwa kifupi. Anaanza kama anavyoanza siku zote: mjinga alikuwa mimi.

Raimo Tiihonen, diwani na mwenye duka la matairi, anaomba kusema. Si mtu mbaya. Alikuwa mmoja wa waliochanga magogo ya sauna ya Hilja. Lakini shule ya kijijini kwake ni mojawapo ya zile mbili zilizofungwa.

"Afisa," anasema, "juzi ulituambia sauna haina kazi, tukakuamini. Leo ni mtambo wa kuokoa maisha. Mwakani tutanunua na soseji?"

Ukumbi unacheka.

"Soseji wananunua wenyewe, mheshimiwa," anasema Ilpo.

"Nitawaambia nini wazazi wanaoamsha watoto saa kumi na moja kuwahi basi? Kwamba hela ya darasa hatukuwa nayo, lakini mvuke tumepata?" Sasa hakuna anayecheka. "Kila mtu hapa ana sauna kwake. Waoge nyumbani kama sisi wengine. Simu ikilia, waje. Ndivyo walivyoahidi."

Kuna madiwani wanaotikisa kichwa kukubali. Ilpo anawahesabu bila kutaka. Anamtafuta mama yake kwenye viti vya wananchi. Hilja amekaa mstari wa mbele, kifua kinapiga mluzi, amegeuka kumtazama Tuija.

Tuija anasimama nyuma ya ukumbi, bado na koti la dereva wa basi. Mwenyekiti anamwambia hajapewa nafasi. Tuija anasema hahitaji nafasi kubwa.

Mjadala uliopangiwa saa nzima utaishia kwa maneno yake. Hakuna diwani mwingine atakayeomba kusema, na kura za kituo kipya zitakapoitwa mikono yote itapanda, wa mwisho ukiwa wa mwenye duka la matairi, mwekundu mpaka masikioni.

"Raimo," anauliza Tuija, "Jumamosi wewe unawasha saa ngapi?"

"Saa kumi. Kama baba yangu."

"Haya. Sisi tutaoga nyumbani, kama unavyotaka. Wewe mwambie moto wako usubiri tuvae suruali."